Sauti Iliyosikika kwa Bi Alawiya Jumatano

MAELEZO YA SHAHIDI
(Ya pili, kusahihisha ya kwanza)

Kituo: Kituo cha Polisi, Mji wa Kale, Mombasa
Tarehe: Jumatatu, 23 Septemba 2024
Saa ya kuanza: Saa tatu na robo asubuhi
Kuhusu: Kifo cha Bi Alawiya, mjane, miaka sabini na moja
Jina la shahidi: Hamid bin Ziad, maarufu Hamid Winchi
Umri: Miaka sabini na sita
Kazi: Mstaafu wa bandari ya Kilindini
Makao: Kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, ghorofa ya kwanza, mkabala na nyumba ya marehemu
Lugha: Kiswahili
Anayeandika: Koplo Naomi Kiti

Mimi niliyetajwa hapo juu ni mtu mwenye akili zangu timamu na nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa. Alhamisi iliyopita, tarehe 19, maafande wawili walikuja kichochoroni kwetu wakaniuliza kama sauti iliyosikika Jumatano jioni ilikuwa yangu, nami nikatikisa kichwa kukubali. Kichwa kile kilisema uongo. Nimekuja kukisahihisha, na nimemwomba afande asinikate katikati, maana nikikatwa sitarudi nilipokuwa.

Shule sikusoma. Chuoni nilifika juzuu tatu, kisha marehemu baba akanipeleka Kilindini. Lakini mtu asinidharau kwa hilo. Nimeendesha winchi za meli miaka thelathini na tano. Mwendesha winchi haoni ndani ya tumbo la meli. Kule chini wako watu, na mzigo unaning'inia juu ya vichwa vyao. Yeye husikiliza sauti ya mtu mmoja tu aliyesimama ukingoni. Akiambiwa inua, huinua. Akiambiwa shusha, hushusha. Akiambiwa simama, husimama hapo hapo, hata kama nzi ametua puani. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeumia chini ya winchi yangu, na mabaharia wa nchi saba walikuwa wakiniulizia kwa jina. Wenzangu walisema Hamid akiisikia sauti mara moja haimpotei. Afande ameniuliza hilo linahusu nini. Nimemwambia aliandike, mbele litahitajika.

Bi Alawiya tumekaa naye dirisha kwa dirisha tangu nilipooa. Kichochoro chetu ni chembamba, ukinyoosha fimbo kutoka kwangu inagonga roshani yake. Mumewe alifariki, mimi mke wangu alifariki, akabaki yeye huko na mimi huku. Ana binti mmoja, Najla, ameolewa Malindi. Miguu ya Bi Alawiya ilikuwa mibovu, ngazi hazishuki. Kwa hiyo alikuwa na kapu lake la ukili alilolifunga kamba, akitaka kitu hulishusha kutoka dirishani na kuita.

Namna yake ya kuita ilijulikana mtaa mzima. Hakusema naomba mahamri, au leteni makaa. Alisema, "Nakufa mie! Jamani, nakufa mie huku juu!" Mtu akija mbio, kumbe ataka limau. Wageni walioingia kichochoroni walikuwa wakiruka kwa hofu. Sisi hatukuinua hata macho. Mejumaa, anayekaa chini ya nyumba yangu, ambaye asubuhi huuza mahamri na jioni hupeleka viazi karai Makadara, alikuwa akimjibu bila kutazama juu: "Kufa taratibu, Bi Alawiya, mafuta hayajachemka."

Mwezi wa sita mwaka huu, Mwalimu Cynthia alianza darasa la Kiingereza cha kila siku kwenye baraza iliyo chini ya dirisha la Bi Alawiya. Mwalimu Cynthia ni mtu wa Kaloleni, ni mpangaji wa juu yangu, anasomesha shule ya msingi. Darasa lilikuwa Jumanne na Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, saa kumi na nusu. Kiingereza cha bandari mimi nilikuwa nacho, maneno kumi na mawili, yote ya amri. Sikuwa na haja ya darasa. Nilijiunga kwa sababu Bi Alawiya aliniambia kutoka dirishani, "Hamid, wewe kichwa chako kimeota kutu ya meli, Kiingereza kitaingilia wapi?" Siku ile ile nikashuka na kiti changu.

Mwalimu Cynthia hakutumia kitabu. Alisema lugha ya kila siku mwalimu wake ni jirani. Kila mtu alete jirani mmoja, amseme kwa Kiingereza bila kumtaja jina, na wenzake wajue ni nani. Tukajifunza jirani mwenye kelele, jirani mchoyo, jirani mvivu, jirani wa kuchungulia. Sharti lake lilikuwa moja: jirani mwenyewe akisikia, naye acheke. Asipocheka, umefeli.

Tulicheka sana, sikatai. Katana, ambaye ni mlinzi wa geti kule Kilindini na alitaka Kiingereza cha kusema na madereva wa nje, alimwiga mwenye nyumba wake anavyohesabu ndoo za maji. Mejumaa alisimama akasema, "My neighbour is proud," yaani jirani yangu anajisifu, kisha akaeleza jinsi jirani huyo alivyoinua meli nzima kwa kidole akaiweka juu ya paa la Fort Jesus. Wote wakanitazama mimi. Mimi sikucheka, lakini Mwalimu alimpa alama zote, akasema nilitabasamu. Sikutabasamu.

Ikaja zamu yangu. Nilisema, "My neighbour is noisy," jirani yangu ana kelele, kisha nikamtoa Bi Alawiya. Sauti yake yote, ile nyembamba inayoanzia puani, na namna anavyolivuta lile "mie" mpaka linakatika. Watu walishika mbavu. Na yeye mwenyewe huko juu alitoa kichwa dirishani akasema, "Hamid, hiyo si sauti yangu, mimi nina sauti tamu!" Kwa sauti ile ile. Basi baraza nzima ikaangua kicheko.

Tangu siku hiyo naye alikuwa mwanafunzi. Alikaa dirishani na kisahani chake cha tende akarudia kila tulichorudia. Tukikosea aliturushia kokwa. Mwalimu Cynthia alikuwa akisema mwanafunzi wake bora yuko ghorofani.

Mnamo tarehe 2 Septemba, Jumatatu, saa nne asubuhi, nilikuwa dirishani kwangu nanywa kahawa. Bi Alawiya alikuwa dirishani kwake anapepeta mchele. Tulikuwa wawili tu. Akaniambia, "Hamid, mie nimesema nakufa mpaka neno limechuja. Mejumaa hata shingo hainui."

Nikamwambia, "Umelichosha mwenyewe."

Akasema, "Basi siku ikifika kweli nitaita kwa Kizungu. Sikiza." Akaweka ungo chini, akasema pole pole kama mtoto wa chuoni, "Neighbour, please come." Maana yake ni jirani, tafadhali njoo. Kisha akasema, "Hili silitumii kwa mahamri wala kwa limau. Hili nimeliweka. Umesikia wewe?"

Nikasema, "Nimesikia."

Akasema, "Usije ukasema hukusikia, Hamid."

Hayo ndiyo maneno yake. Sikuyaongeza na sikuyapunguza.

Mnamo Alhamisi, tarehe 5 Septemba, darasani, nilihitaji kitu cha kumalizia. Katana siku ile alikuwa amechekesha kunizidi na mimi kuzidiwa sijazoea. Nikalitoa. Nilisema jirani yangu ana neno moja ameliweka la siku ya kufa, nikaliita kwa sauti yake: "Neighbour, pliiiz come!" Lile "please" nililivuta mara tatu, na mkono nikauweka kichwani kama mtu anayezimia. Sijapata kuona watu wakicheka kama walivyocheka siku ile. Mejumaa alimwaga beseni la unga.

Kutoka juu hakukuja kitu. Nilitazama. Bi Alawiya alikuwa amekaa na tende mkononi hajaitia mdomoni. Kisha akacheka, akanirushia kokwa, akasema, "Lile nilikupa wewe peke yako, mwizi we!"

Alicheka. Mwalimu Cynthia alikuwapo na anaweza kusema alicheka. Lakini alichelewa, na mimi nilikuona kule kuchelewa.

Sikuacha. Watu waliniomba nami sikujua kukataa. Nililisema kichochoroni, nikalisema msikitini nje tukivaa viatu, nikalisema Makadara kwenye kahawa mpaka watu nisiowajua wakawa wananiita "neighbour". Wiki mbili hizo hakuna mtu mtaani aliyelisikia neno lile asijue ni langu.

Mwalimu Cynthia akatangaza kwamba Alhamisi, tarehe 19, kila mmoja atasimama kwa Kiingereza kitupu, na atakayewashinda wenzake atapata zawadi ya kamusi. Mimi kamusi siwezi kuisoma. Lakini niliitaka, na kila mtu alijua naitaka, na kwamba ninajizoeza.

Sasa nakuja kwenye Jumatano, tarehe 18 Septemba 2024.

Niliswali Alasiri nikarudi nyumbani. Nilijilaza kitandani, dirisha likiwa nusu wazi. Saa yangu ya ukutani nilipewa bandarini siku ya kustaafu na haijapata kukosea. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Nikasikia: "Neighbour, please come."

Sikuwa mimi. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na afande aliandike peke yake, asilichanganye na jingine. Sikuwa mimi.

Nilinyanyuka nikachungulia. Dirisha la Bi Alawiya lilikuwa wazi na halina mtu. Kapu lilikuwa limeshushwa, liko usawa wa mlango wa chini, tupu. Barazani hapakuwa na mtu. Sauti katika kichochoro chetu haina kwao, hugonga ukuta huu ikatokea ukuta ule. Nikajiambia huyo ni Katana, amejificha pembeni ya baraza, anajizoeza kwa neno langu ili kesho anishinde nalo.

Ikaita mara ya pili: "Neighbour, please come." Chini kidogo kuliko ya kwanza. Haikuvutwa hata kidogo.

Mejumaa alikuwa chini mlangoni, anamenya viazi. Nilimsikia akicheka. Akapiga ukelele kuelekea kwangu, "Mzee Hamid! Leo umempata sawasawa! Kesho kamusi ni yako!"

Nilikuwa na hasira na Katana, nakubali. Lakini zile sifa, afande, nilizipokea. Ningetoa kichwa nikasema "si mimi", maneno mawili, Mejumaa angeacha viazi akapanda. Ana miguu mizima. Sikusema. Sauti ilikuwa nzuri mno, na yeye alidhani ni yangu, nami nikaiacha iwe yangu.

Ikaita mara ya tatu. Hiyo nitaisema mahali pake.

Nilifunga dirisha nikatia na komeo. Nikalala mpaka Magharibi.

Mnamo Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, Mejumaa alikwenda na mahamri ya Bi Alawiya kama kawaida. Kapu lilikuwa bado limening'inia pale pale. Aliita, hakujibiwa. Akatingisha kamba. Kamba ilikuwa nzito, alisema, kama kuna mtu ameishika kule juu. Akampigia kelele Katana, aliyekuwa anapita kwenda kazini, naye akavunja mlango. Walipanda wote wawili. Mimi sikupanda. Nilirudi ndani kwangu nikafungua komeo, nikaona kupitia dirishani. Bi Alawiya alikuwa sakafuni, chini ya dirisha, mahali ambapo mtu aliye kwangu haoni mpaka asimame juu ya kiti. Nilisimama juu ya kiti. Kamba alikuwa ameizungusha mkononi. Mejumaa alivua leso yake akamfunika.

Daktari aliyekuja na maafande alisema nyonga ilivunjika kwa kuanguka, na kwamba hakufa papo hapo. Aliishi saa kadhaa, labda mpaka Isha. Maafande wakauliza barazani kama kuna mtu aliyesikia kilio. Kabla sijafungua mdomo Mejumaa akasema, "Sauti tulisikia jana, saa kumi na kitu. Lakini ilikuwa ya Mzee Hamid, yuajifunza Kiingereza." Jirani wa pili akasema hivyo hivyo. Na wa tatu. Afande mmoja akanigeukia, "Ni kweli, mzee?" Watu wote waliokuwapo walinitazama. Nikatikisa kichwa.

Baada ya maafande kuondoka nilimvuta Katana kando. Nikamwambia, "Kwa nini ulilichukua neno langu?"

Akasema, "Neno gani, mzee wangu?"

Nikasema, "Jana, saa kumi na moja kasoro, pembeni ya baraza."

Katana alinitazama sana. Akasema, "Jana nilikuwa getini tangu saa sita mchana mpaka saa mbili usiku. Daftari la zamu lina sahihi yangu. Mzee wangu, ile haikuwa wewe?"

Niligeuka nikapanda ngazi zangu. Nadhani alielewa, maana tangu saa ile hajakaa tena kwenye baraza.

Najla alifika kutoka Malindi adhuhuri. Bi Alawiya alizikwa Ijumaa baada ya sala. Tukitoka makaburini mumewe Najla alinishika mkono akanipeleka kwa mkewe. Najla nimemjua tangu anatambaa. Aliniuliza, "Ami Hamid, wameniambia sauti ilikuwa yako. Kwa hiyo mama hakuita?"

Nikasema, "Wamesema."

Akasema, "Alhamdulillah. Alipoanguka alizimia, hakujua kitu. Mimi nilikuwa naogopa kwamba aliita na hakuna aliyemjibu." Kisha akaubusu mkono wangu. Mkono huu.

Yaliyofuata baadaye afande amesema si lazima yaandikwe. Mimi nasema ni lazima, maana ndiyo yaliyonileta.

Tangu Ijumaa hiyo sauti yangu si yangu. Nikiamkiwa "sabalkheri" najibu, na kinachotoka ni chake. Nikikohoa, ni kikohozi chake. Jumamosi nilimwita muuza samaki, mtu mzima yule, akageuka akatazama dirisha la Bi Alawiya badala ya langu, akaacha pakacha lake njiani. Sijafanya makusudi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiita ije, sasa inakuja yenyewe. Naswali kimya. Nimefunga dirisha lakini kapu bado liko nje, kamba waliifunga kwenye roshani, hakuna aliyepata moyo wa kulivuta juu, na upepo ukija hugonga mlango wake wa chini. Linagonga mara tatu linanyamaza. Mejumaa anasema linagonga ovyo ovyo. Mimi nimehesabu.

Jana, Jumapili, tarehe 22, kulikuwa na hitima. Baada ya kusomwa, kama saa tano asubuhi, Najla aliniita chini ya ngazi. Akasema, "Ami, mama hakutaka kurekodiwa. Simu yangu ina picha zake lakini sauti haina hata moja. Watu wanasema wewe unayo. Nifanyie neno moja tu."

Nilitaka kumfanyia "Nakufa mie", lile la mahamri, ili acheke. Nikafungua mdomo. Lililotoka ni, "Hamid."

Hilo tu. Jina langu, kwa sauti ya mamake, chini chini, bila kuvutwa.

Najla alishika ukuta. Akalia na kucheka pamoja. Akasema, "Ndiye. Ndiye hasa. Alikuwa akikuita hivyo?"

Nikasema, "Ndivyo alivyoniita." Sikusema lini.

Jioni hiyo, kabla ya Magharibi, nilimwambia Mejumaa kwamba nitakuja kituoni. Alikuwa anaosha karai. Akaacha maji yanamwagika. Akasema, "Babu, mwache yule mtoto na faraja yake. Sema ulikuwa wewe. Mtu gani ataumia?"

Nikasema, "Sikuwa mimi."

Akasema, "Ukisema si wewe, basi mimi niliyecheka ni nani? Nilikuwa mbele ya mlango wake, babu. Nilikuwa karibu kuliko wewe. Nilikuwa na kisu mkononi namenya viazi na nikacheka."

Mwalimu Cynthia alikuwa ngazini, alisikia. Alisema kwa upole, "Mzee, hakuna atakayekulazimisha." Macho yake yalikuwa mekundu. Darasa amelivunja, kamusi imebaki juu ya meza yake.

Nikawaambia wote wawili kwamba mimi sijapata kuacha mzigo ukining'inia nikaenda zangu. Wanajua mimi ni mkaidi, na mara hii hawakuniambia.

Sasa mara ya tatu.

Ile Jumatano, nikiwa nimeshika dirisha kulifunga, sauti iliita mara ya tatu. Haikusema "neighbour". Ilisema, "Hamid, please come."

Katika mtaa ule wote hakuna anayeniita Hamid mtupu. Katana huniita mzee wangu. Mejumaa huniita Mzee Hamid mbele za watu na babu akitaka kitu. Watoto huniita Babu Winchi. Najla huniita ami. Mke wangu aliniita baba fulani mpaka anakufa. Aliyebaki duniani wa kuniita Hamid alikuwa mmoja, naye alikuwa sakafuni chini ya dirisha. Na katika uigaji wangu jina halikuwamo. Sikupata kulitia. Hakuna mtu angeweza kulijifunza kutoka kwangu.

Kwa hiyo afande asiandike kwamba nilidhani ni Katana. Mara ya kwanza nilidhani. Mara ya pili nilitaka kudhani. Mara ya tatu mkono wangu ulikuwa kwenye komeo, nami niliijua sauti kama nilivyozijua zote miaka thelathini na tano. Nikasukuma komeo.

Aliniuliza tarehe 2 kama nimesikia nikasema nimesikia. Neno alilolitunza alinipa mimi, na mimi nililigawa mpaka likaisha, siku alipolihitaji halikuwa na kitu ndani. Ndipo akatumia jina langu.

Sitaki Mejumaa aulizwe kwa ukali. Alicheka kwa sababu mimi nilimfundisha kucheka. Wala Mwalimu Cynthia asiguswe, sharti lake lilikuwa jema, mimi ndiye niliyelivunja siku ile nilipokuona kule kuchelewa kwake. Ninachoomba ni kimoja: Najla asomewe maneno haya na mtu mwingine kabla hajarudi Malindi, maana mimi nikimwambia yatatoka kwa sauti ya mamake, na hilo siliwezi.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyasikia, pamoja na niliyoyanyamazia, na haya ndiyo yangu mbele ya serikali na mbele ya Mungu. Nimesomewa yote na Koplo Naomi, hakuna la kufuta. Wino wa dole gumba sitaki. Mwalimu Cynthia alinifundisha kuliandika jina langu, na nitaliandika mwenyewe, hata likichukua muda.

Sahihi ya shahidi: HAMID

TAARIFA YA ALIYEANDIKA

Nathibitisha kwamba maelezo haya nimeyaandika kama yalivyotolewa, bila ahadi wala kitisho, na shahidi ameweka sahihi mbele yangu. Nilimwambia aandike jina kamili. Alisema hilo linatosha.

Kwa ajili ya jalada nilimwomba shahidi arudie wito wa tatu kama alivyousikia. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliutoa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Binti wa marehemu, Bi Najla, alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini akisubiri funguo za nyumba ya mamake. Shahidi hakujua kwamba yupo, wala mimi sikuwa nimemwambia. Bi Najla alisikika akiitikia, "Labeka, mama," kisha akaingia chumbani.

Nilimweleza kwa ufupi, nikamsomea maelezo yote. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza alimuuliza shahidi, "Ndivyo alivyoita?"

Shahidi: "Ndivyo."

"Kwa Kiingereza?"

Shahidi: "Kwa Kiingereza."

"Alikitamka vizuri?"

Shahidi: "Kuliko sisi sote."

Bi Najla alivuta kiti akaketi karibu naye. Niliwaacha chumbani kwa muda.

Maelezo yamefungwa saa tano na dakika kumi asubuhi.

Koplo Naomi Kiti